Geuza Kwanza Kitako: Mwongozo wa Kuanza Kukusanya Kauri za Kale za Kichina

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. "Nimerithi sahani ya bibi ya buluu na nyeupe, je, ni ya Kichina?" "Chini ina herufi za Kichina, zinasemaje?" "Nimeona bakuli mnadani huku Uholanzi, nilichukue?" "Kuna mtu anauza bakuli lililotoka kwenye kaburi la kale, ni halali?" Hapa nayajibu yote kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukimaliza uweze kukishika chombo na kujiamulia mwenyewe.

Ninazungumzia kauri iliyotengenezwa Uchina kwa ajili ya wateja wa ng'ambo, tangu miaka ya 1500 hadi mwishoni mwa miaka ya 1800. Wateja hao walikuwa Wareno, Waholanzi, Waingereza, Wamarekani, Waajemi, na sisi watu wa pwani tulioipanga kwenye zidaka na kuipachika kwenye nguzo za makaburi. Sehemu kubwa ilitoka Jingdezhen, mji wa mafundi kauri huko Uchina, ikateremshwa kwa mito na kubebwa na wapagazi kuvuka milima mpaka Canton, yaani Guangzhou ya leo, ndipo ikapakiwa melini. Kauri za kasri za wafalme wa Uchina ni habari nyingine na bei nyingine. Anayeanza aziache.

Andaa hivi kwanza

- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali.
- Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), ile wanayokagulia noti bandia. Inatosha.
- Rula, na taulo nene la kutandika mezani kabla ya kugeuza chochote.
- Daftari. Simu haitoshi, nitaeleza kwa nini.
- Kiasi cha fedha ambacho ukikipoteza hutakosa kodi ya nyumba.

Vua pete na bangili, saa nayo iweke kando. Sahani nyingi zimemegwa ukingo na vito vya watu waliokuwa wanazistaajabia.

Hatua ya 1: Zoeza macho na vidole

Kabla ya kununua, nenda ukatazame vitu ambavyo uhalisi wake hauna shaka. Kwetu kuna Fort Jesus Mombasa, ambako utaona pia mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Kuna makumbusho ya Lamu, ya Gedi na ya Taifa Dar es Salaam. Ukiwa Uholanzi, nenda Princessehof mjini Leeuwarden. Ukiwa London, nenda Victoria and Albert. Aliye Marekani karibu na Boston aende Peabody Essex, Salem. Istanbul wana Topkapı, yenye maelfu ya vyombo vya Kichina vilivyokusanywa na masultani.

Kwenye kabati la kioo hutagusa kitu, na kauri hujifunzwa kwa kushikwa. Kwa hiyo ununuzi wako wa kwanza uwe kisahani cha karne ya 18 kilichovunjika au kumeguka vibaya, kutoka kwa muuzaji anayeheshimika. Ni bei ndogo. Tazama pale palipovunjika kwa lenzi: mwili ni mweupe, umebana, unameta kidogo, na huoni mpaka wazi kati ya udongo na glezi, lile ganda la kioo la juu. Vimeshikana kwa sababu vilichomwa pamoja kwenye joto la nyuzi 1300 hivi. Kariri sura hiyo.

Onyo: usiokote vigae kwenye magofu au ufukweni karibu na magofu. Kigae kinachokaa mahali pake kinamweleza mtafiti wa mambo ya kale nyumba ile ilikaliwa lini na ilifanya biashara na nani. Kikiingia mfukoni mwako hakimwelezi mtu kitu.

Hatua ya 2: Chagua kona moja

Anayenunua kila kinachomvutia huishia na kabati la makosa. Ushauri wangu ni uanze na buluu na nyeupe ya karne ya 18, hasa vikombe vidogo visivyo na mkono na visahani vyake. Vilitengenezwa kwa wingi wa kutisha. Meli ya Waholanzi iitwayo Geldermalsen, iliyozama mwaka 1752 ikirudi kutoka Canton, ilitolewa vyombo karibu 150,000 vilipoopolewa mwaka 1985. Ndiyo sababu mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kumiliki kikombe halisi cha wakati huo.

Kona nyingine ni kraak, sahani nyembamba za mwisho wa enzi ya Ming (ukoo wa wafalme ulioanguka katikati ya karne ya 17) zenye ukingo uliogawanywa vyumba vyumba. Famille rose, zenye rangi ya waridi iliyoanza miaka ya 1720 na kupatikana kutokana na dhahabu. Vyombo vyenye nembo za koo za Ulaya, ambavyo ni ghali na vimeigwa sana. Na Rose Medallion za Canton, za katikati ya karne ya 19, zilizojaa watu, ndege na maua hadi nafasi haipatikani.

Hatua ya 3: Hakikisha ni kauri, na ni ya Uchina

Hapa ndipo wengi wa pwani wanapojikwaa, basi twende taratibu.

Washa tochi nyuma ya chombo, weka vidole katikati. Kwenye kauri nyembamba utaona kivuli cha vidole vyako. Kisha kiweke chombo juu ya ncha za vidole na ukigonge ukingo kwa ukucha. Kauri nzima hulia kwa sauti ndefu na safi, na iliyopasuka hulia kama imefungwa kitambaa. Mwisho tazama palipomeguka. Ukiona udongo wa krimu au wa chaki ulionyonya uchafu, na glezi imekaa juu kama tabaka la pekee, hiyo si kauri. Ni udongo wa kawaida uliopakwa weupe.

Sasa, kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilileta Zanzibar na pwani nzima sahani na mabakuli ya udongo wa aina hiyo, yenye maua ya kupaka au ya kugongwa kwa sponji, buluu, nyekundu na kijani. Yalitoka Staffordshire, Uingereza, na kwa Petrus Regout mjini Maastricht, Uholanzi. Sahani nyingi ambazo familia zetu zinaziita za Kichina ni hizi. Geuza utafute neno MAASTRICHT au picha ya sfinksi. Zitunze vizuri, kwa sababu zina historia yake ya kweli katika harusi na karamu zetu. Usizilipie bei ya Kichina tu.

Mtego wa pili ni ile picha ya mti uliolegea matawi, daraja lenye watu watatu, na ndege wawili angani. Mchoro huo ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa kuiga mtindo wa Kichina. Weka lenzi juu ya buluu: ukiona nukta na mistari midogo ya sahani ya shaba ya kuchapia, na mahali kwenye ukingo ambapo vipande viwili vya mchoro vimekutana bila kulingana, umeshapata jibu. Mchoraji wa Jingdezhen alitumia brashi. Utaona mstari wa nje, kisha rangi ya maji iliyojazwa ndani, na pale brashi ilipotua kobalti, madini yanayotoa buluu hiyo, imejikusanya ikawa nzito.

Mtego wa tatu ni Japani. Vita vya kuanguka kwa Ming viliposimamisha kazi Jingdezhen katikati ya karne ya 17, Waholanzi walikwenda kununua Arita, huko Japani. Ni kauri kweli. Tazama ndani ya duara la kitako: ukikuta alama ndogo za nukta, tatu, nne au tano, za vigingi vilivyoshikilia sahani tanurini, huenda ni ya Kijapani.

Hatua ya 4: Geuza kitako

Kama utafuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Picha ya juu inaweza kuigwa na fundi yeyote mwenye mkono mzuri. Kitako ni kazi ya udongo, moto na miaka, na wanaoghushi hukosea huko kuliko mahali pengine popote.

Anza na duara lile ambalo chombo hukalia. Halina glezi, kwa sababu lingegandana na chombo cha chini yake tanurini. Pitisha kidole. Kwenye kauri ya karne ya 18 ni kavu, limekatwa kwa kisu na mkono wa mtu, kwa hiyo halina usawa wa mashine, na sehemu iliyokalia meza miaka yote imelainika kidogo kuliko pembeni. Pale glezi inapokoma, mara nyingi kuna mstari mwembamba wa rangi ya chungwa au kahawia. Ni chuma kilichomo kwenye udongo, kilichobadilika rangi motoni. Mstari huo hupanda na kushuka, mahali hukolea, mahali hupotea kabisa.

Anayeghushi anajua kwamba unautafuta. Atapaka kahawia duara zima, sawasawa, au atalichovya kwenye chai iliyokolea. Sugua kwa kitambaa kibichi. Rangi ikitoka, rudisha chombo mezani.

Glezi yenyewe ina kijivu au ubuluu kidogo, na hujikusanya kwenye kona ya duara ikawa kama maji ya kina kifupi. Tafuta vitobo vidogo vya sindano na nukta nyeusi za chuma. Weupe mtupu unaong'aa kama vigae vya bafuni ni wa kutiliwa shaka.

Kwenye kraak utaona mistari myembamba inayotoka katikati ya kitako kuelekea nje, alama ya kisu kilichotetemeka wakati wa kupunguza udongo, na chembe za mchanga zimegandana na duara. Kwenye vyombo vizito vya Zhangzhou, kusini mwa jimbo la Fujian, mchanga huwa mwingi hata kukwaruza meza. Kwenye kingo za vyombo vingi vya karne ya 17, glezi imebanduka vipande vidogo vidogo kama nguo iliyoliwa na nondo. Kwa chombo cha wakati huo hiyo si kasoro ya kukutoa jasho.

Sasa kirudishe wima utazame mikwaruzo ya matumizi. Miaka ya visu na vijiko huacha mistari inayokwenda kila upande, mingi katikati, michache pembeni. Msasa huacha mistari ya upande mmoja, hata mahali ambapo kisu hakifiki.

Usimsahau Samson wa Paris. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1845 na kiliiga vyombo vya nembo kwa ustadi mkubwa. Glezi yake ni laini mno, haina vitobo, na mwili una ukijivu wa Ulaya. Ukiona kwenye kitako doa lililokwaruzwa, jiulize ni alama gani imefutwa hapo.

Hatua ya 5: Soma alama, lakini usiitegemee

Kauri nyingi za biashara za karne ya 18 hazina alama yoyote. Hiyo ni kawaida. Zile za enzi ya Kangxi (1662–1722) zinaweza kuwa na jani, duara mbili tupu, au jina la enzi ya Chenghua, iliyoisha mwaka 1487, lililoandikwa kwa heshima ya mababu. Na mafundi wa mwisho wa karne ya 19 waliandika Kangxi kwa wingi. Kwa hiyo jina la enzi halithibitishi umri. Kwanza kitako kikubaliane nalo.

Neno CHINA kwa herufi za Kilatini ni la msaada zaidi. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo chombo chenye neno hilo ni cha 1891 au baadaye. "Made in China" kwa kawaida ni ya karne ya 20.

Hatua ya 6: Tafuta nyufa na viraka

Ingia chumba chenye giza, washa ile tochi ya noti. Gundi na rangi ya fundi wa kisasa huwaka tofauti na glezi. Ukishuku mahali, gusisha kwenye jino: glezi ni baridi na ngumu, kiraka ni laini na butu. Pini za chuma au shaba nyuma ya sahani ni ukarabati wa zamani, kazi ya mafundi waliotembea na vifaa vyao mlango hadi mlango. Usizing'oe.

Mimi namshauri kila anayeanza anunue chombo halisi chenye ufa kuliko kizima chenye shaka. Ufa hushusha bei sana, na somo unalolipata kwenye kitako ni lile lile.

Hatua ya 7: Uliza kimetoka wapi

Kunduchi, Mambrui na kwingineko pwani, nguzo za makaburi zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Nenda utazame matundu yaliyobaki. Kila tundu ni bakuli lililong'olewa juu ya maiti wa watu. Usinunue kitu chenye chokaa ya zamani imegandia nyuma, wala usisikilize hadithi ya "mzee mmoja alikipata shambani". Anayenunua ndiye anayemtuma mwizi.

Sheria nazo zipo. Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichoingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Zanzibar ina utaratibu wake. Kwa hiyo sahani halisi ya bibi haipandi ndege kwenda Muscat au Toronto ndani ya begi bila karatasi, hata kama ni mali ya ukoo. Kaulize makumbusho kwanza.

Vyombo vya meli zilizozama vinavyouzwa kwa mpango huwa na karatasi. Vya Geldermalsen vilinadiwa na Christie's mjini Amsterdam mwaka 1986, na vya Tek Sing, jahazi la Kichina lililozama mwaka 1822, vilinadiwa na Nagel mjini Stuttgart mwaka 2000. Vingi bado vina kibandiko cha mnada. Kibandiko kinahamishika, basi omba na cheti, kisha linganisha umbo na mchoro na vile vilivyomo kwenye katalogi ya mnada huo.

Hatua ya 8: Nunua

Omba ripoti ya hali kwa maandishi na picha za kitako. Panga kikomo chako kabla ya mnada kuanza, na ndani yake weka ada ya mnada, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 hadi 30, pamoja na kodi na usafirishaji. Watu husahau hilo, kisha risiti inawashtua.

Katalogi isome neno kwa neno. "Kangxi mark and period" ni dai kwamba chombo ni cha enzi hiyo. "Kangxi mark" peke yake inasema tu kwamba alama ipo. Katalogi ya Uingereza ikiandika A/F, chombo kina kasoro na kinauzwa kilivyo.

Hatua ya 9: Osha, hifadhi, andika

Osha kimoja kimoja kwenye beseni la plastiki lenye taulo ndani, maji vuguvugu na sabuni kidogo. Usitumie Jik, hukaa ndani ya nyufa na kuharibu. Mashine ya kuosha vyombo hapana. Microwave hapana kabisa, hasa kwenye dhahabu na pini. Vishikio vya chuma vya kutundikia ukutani vyenye springi hubana ukingo hadi ukapasuka. Tumia vibao vya kusimamishia. Na usitie achari wala ndimu kwenye vyombo vya rangi za juu ya glezi, maana rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi.

Kwenye daftari andika tarehe, bei, muuzaji, vipimo, kasoro, na maneno ya muuzaji kama alivyoyasema. Simu huibiwa na picha hupotea. Daftari linarithiwa pamoja na sahani.

Ukikwama

*Tochi haipenyi.* Vyombo vinene na vya Zhangzhou havipitishi mwanga vizuri. Rudi kwenye mlio na kwenye palipomeguka.

*Mng'ao umefifia.* Maji ya bahari hufifisha glezi bila mpangilio, upande mmoja zaidi ya mwingine. Tindikali ya mghushi hufifisha chombo kizima sawasawa, mpaka kwenye pembe ambazo hazijawahi kuguswa na kitu.

*Rangi za juu zimechakaa lakini chini ya lenzi sioni umri.* Inamisha chombo kwenye mwanga wa dirisha. Kuzunguka enameli ya zamani, yaani hiyo rangi ya juu ya glezi, hasa ya buluu, mara nyingi huonekana kivuli chepesi chenye rangi za upinde wa mvua.

*Muuzaji hataki nikigeuze.* Mshukuru, ondoka.

*Kila dalili inasema halisi isipokuwa moja.* Sikiliza hiyo moja.

*Nataka mtu mwenye uzoefu anisaidie.* Mtumie picha zilizopigwa mchana karibu na dirisha, bila flashi: uso mzima, kitako kizima, duara la kitako kwa karibu sana, alama kama ipo, kila kasoro, na rula ikiwa kando. Mwambie pia umekipata wapi na kina uzito gani. Ukituma picha ya uso peke yake, jibu litakuwa ni kuombwa picha ya kitako.